Hamsini na Mbili Toa Thelathini na Nane

Mumbua mwanangu,

Mambo ya shuka, sabuni na mafuta ya kujipaka umeyasikia kutoka kwangu kutwa nzima, na umenivumilia. Sanduku limefungwa, ufunguo unao. Barua hii haina maagizo ya namna hiyo. Siku ya kufua nguo utaijua huko huko chuoni, wenzako watakuonyesha.

Leo mchana ulipokuwa ukipiga pasi ile sketi ya bluu, nilikuja nikasimama mlangoni. Ukaniuliza, "Mwaitu, unataka kusema kitu?" Nikasema nilitaka kujua kama makaa yametosha. Makaa yalikuwa yametosha, sote wawili tuliyaona yakiwaka ndani ya pasi. Ukanitazama kidogo, ukaendelea na kazi yako. Sikuwa nimekuja kwa ajili ya makaa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kikamba najua vichochoro vyote vya kukwepa. Kwa Kiswahili itanibidi niende polepole, kama mtu anayepita kwenye matope, na kila nitakapokanyaga nitaona.

Unakwenda kusomea ualimu. Watakufundisha namna ya kufundisha hesabu, na watakupa maneno mazuri ya kuipamba. Kabla hujayapokea maneno yao, nataka ujue jinsi mimi nilivyoifundisha, na kitu kilichotutoa Kiboko tukaja kuishi huku Kikima. Unafikiri unajua kilichotutoa Kiboko. Hujui. Ulichoambiwa ni uongo, na aliyekuambia ni mimi.

Unakumbuka nyumba yetu ya kule, vyumba viwili vya mabati na joto la kuivisha mkate. Baba yako alikuwa na kazi pale kwenye kituo cha utafiti, akiangalia mashamba ya majaribio. Jioni alikuwa anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, unamkimbilia, anakubeba begani. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la tatu kwenye shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara kuu. Darasa la tatu lilikuwa moja tu, kwa hiyo ulipofika umri ukawa mwanafunzi wangu. Nilikuambia, "Shuleni mimi si mama, ni mwalimu." Ulikubali. Ulikuwa unaniita mwalimu mpaka tuvuke barabara, kisha unanishika mkono na kuniita mwaitu.

Mimi nilisomea ualimu miaka michache baada ya Uhuru. Hesabu tuliyofundishwa ilikuwa ya kuimba: mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita, na ukikosea unapokea fimbo. Niliijua hivyo, nikaifundisha hivyo, na hakuna aliyelalamika. Kisha katikati ya miaka ya sabini wakaleta hesabu mpya. Kitabu kilikuwa na picha nyingi na maneno ambayo sikuwahi kuyasikia, na sisi walimu wa madarasa ya chini tukaitwa kwenye semina wakati wa likizo.

Kwenye semina hiyo kulikuwa na mwalimu mmoja wa kutoka upande wa Salama, mtu mnene mwenye miwani. Siku ya pili akanyoosha mkono, akasema, "Naomba kuuliza. Kwa nini tatu mara nne ni sawa na nne mara tatu? Jibu najua ni kumi na mbili. Nauliza kwa nini."

Watu wakacheka. Mwalimu mzima kuuliza kitu cha mtoto! Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, Mumbua, na swali lile lile lilikuwa limenikaa kifuani tangu asubuhi. Mkufunzi akamwambia asome ukurasa fulani. Yule bwana akakaa, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Baada ya hapo hakuna mtu aliyeuliza kitu tena mpaka semina ikaisha. Nikarudi Kiboko na cheti, na maneno matatu ya Kizungu marefu kama treni ya mizigo: komyutativu, asosiativu, distributivu. Sikujua yanabeba nini.

Nilichofanya ni kuyakata. Niliona kwamba kwa kujumlisha, ukigeuza namba, jibu ni lile lile. Kwa kuzidisha pia, ukigeuza, ni lile lile. Basi nikaandika juu kabisa ya ubao: UKIGEUZA HAIBADILIKI. Sikuyafuta maneno hayo muhula mzima. Nyinyi mliyaimba kila asubuhi baada ya sala. Wazazi waliopita barabarani walisimama kusikiliza, na hedimasta akaniambia darasa langu limechangamka.

Kisha tukafika kwenye kutoa.

Niliweka ubaoni hamsini na mbili, chini yake thelathini na nane, nikawaambia mtoe. Karibu darasa lote likaandika ishirini na sita. Nikawachapa. Kesho yake nikaweka namba nyingine, mkakosea vile vile, nikawachapa tena. Niliona mnafanya makusudi. Kumbe kila mtoto alikuwa anafika kwenye mbili na nane, anaona mbili haiwezi kutolewa nane, anainua macho, anasoma pale juu ya ubao kwamba ukigeuza haibadiliki, anageuza, anatoa mbili kutoka kwa nane, anaandika sita. Mlikuwa mnanitii. Niliwapiga watoto wa watu kwa kosa nililowaandikia mimi mwenyewe kwa chaki, kwa herufi kubwa.

Wewe ulijaribu kuniambia. Ilikuwa Jumamosi, nyumbani, umekaa sakafuni na ungo wa vifuniko vya soda ulivyokuwa unaviokota kwenye hoteli za barabarani. Ulikuwa umevipanga mistari minne, kila mstari sita. Ukainuka, ukazunguka upande wa pili wa ungo, ukachuchumaa, ukapiga kelele:

"Mwaitu! Ukija huku ni mistari sita ya nne nne! Na sijagusa hata kimoja!"

Hapo hapo sakafuni kwangu palikuwa na jibu la yule mwalimu wa Salama. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikasema vizuri, sasa ondoa takataka hizo niweke meza.

Hukuondoa. Ukachukua vifuniko vitatu, ukaviweka mkononi, ukasema, "Lakini niko na tatu. Ukiniambia nitoe saba, siwezi. Hakuna cha kutoa. Kwa nini tunaandika nne?"

"Kwa sababu ukigeuza haibadiliki."

"Lakini hii imebadilika, mwaitu. Saba nikitoa tatu ninabaki na kitu. Tatu nikitoa saba..." Ukafungua mkono, ukaangalia kiganja.

Nikakuambia uende ukachote maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Nilijua wakati ule kwamba kuna kitu nimekosea. Sikujua ni nini, lakini nilijua kipo, kama unavyojua kuna mwiba mguuni kabla ya kuuona. Ningeweza kumuuliza hedimasta. Ningeweza kupanda gari la Salama nikamtafute yule bwana wa miwani. Lakini ningeanzaje, mimi niliyemcheka? Nikaacha mambo yaende. Ndipo tukasikia inspekta anakuja.

Hili la mikono unalikumbuka, nalo limekuumiza, kwa hiyo nitaliandika wazi. Niliwaambia darasa kwamba inspekta akiwa ndani, kila nikiuliza swali, wote muinue mikono. Anayejua jibu ainue wa kulia. Asiyejua ainue wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu, na mgeni ataona darasa zima linajua. Tukafanya mazoezi. Mlifurahi kama mchezo. Wewe ukaniuliza tukiwa tunavuka barabara, "Mwalimu, kwa kutoa niinue upi?" Nikasema, "Kushoto. Wewe kutoa bado hujaelewa." Mtoto pekee aliyekuwa ameelewa, nikamwambia hajaelewa.

Inspekta alikuja kwa pikipiki. Alikuwa mwembamba, mpole, viatu vimejaa vumbi, akakaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni. Niliuliza kujumlisha, nikauliza kuzidisha. Mikono ilipanda kama shamba la mahindi, nikachagua ya kulia, majibu yakatoka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilianza kupumua. Kisha akainuka, akaomba chaki, akaandika ubaoni hamsini na mbili toa thelathini na nane. Huenda aliwaandikia watoto wa kila shule hesabu hiyo hiyo. Sijui.

Mikono yote juu. Ya kulia ilikuwa mingi, maana mliamini mnajua. Nikamchagua mvulana mmoja wa mbele, akasema kwa nguvu, "Ishirini na sita!"

Inspekta aliweka chaki chini. Akapita kati ya madawati taratibu, akasimama kando yako, akasema, "Wewe mama mdogo, nawe umeinua mkono. Tuambie."

Ulisimama. Ukaniangalia mimi, ukamwangalia yeye. Ukasema, "Mimi ni wa mkono wa kushoto."

Darasa likacheka.

"Wa kushoto maana yake nini?"

"Mwalimu alisema tusiojua tuinue wa kushoto ndio asituchague."

Darasa halikucheka tena. Nilisikia lori likipita barabarani, likapita lote mpaka sauti ikaisha. Inspekta hakunitazama. Alichuchumaa akawa sawa na wewe.

"Na ni kitu gani hujui?"

"Sijui kwa nini ni ishirini na sita. Mbili haiwezi kutoa nane. Kule juu wamesema tugeuze lakini kutoa kukigeuzwa kunabadilika."

"Wewe ungefanya vipi?"

"Mimi ningetoka thelathini na nane nitembee mpaka hamsini na mbili. Mbili zinanifikisha arobaini. Halafu kumi na mbili zinanifikisha." Ukahesabu kwenye vidole. "Ni kumi na nne."

Akakushika bega. "Kaa chini. Umefanya vizuri sana." Ukakaa, ukageuka kunitazama, ukatabasamu. Ulikuwa umeng'oka jino la mbele. Ulifikiri umeniletea sifa, maana mgeni amekusifu. Sikukurudishia tabasamu lile. Katika yote niliyokufanyia, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Sasa nakuambia usichokijua. Inspekta aliniita nje, pale alipoegesha pikipiki. Nilingoja anitukane.

Akasema, "Mwalimu, watoto wako wanakuamini sana. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba mbili haiwezi kutoa nane, lakini anaandika sita kwa sababu wewe ulisema. Sasa fikiria ungewaambia kitu cha kweli."

Nikauliza, "Utaandika nini juu yangu?"

"Nitaandika kwamba darasa linahitaji msaada kwa kutoa. Mambo ya mikono hayataondoka hapa. Mwezi ujao nitarudi, tukae jioni moja, wewe na mimi na kitabu. Hata mimi mwenyewe hilo somo lilinipa taabu."

Akafunga kofia yake, akaenda. Ni hayo tu. Hakunifukuza. Hakunishtaki kwa hedimasta wala kwa ofisi. Hakuna mtu aliyetuhamisha Kiboko, Mumbua. Angenitukana ningejua pa kuiweka hasira. Lakini alinihurumia, na sikuweza kuvumilia wazo la kukaa meza moja na mtu aliyeona yote yale, nikamwambia kwa mdomo wangu, sielewi. Kabla mwezi haujaisha nilikwenda ofisi ya elimu, nikaandika ombi la transfa. Niliandika kwamba mama mkwe wangu wa Kikima ni mgonjwa na hana wa kumtunza. Nyanya yako wakati huo alikuwa akipanda na kushuka milima ya Mbooni na mzigo wa kuni mgongoni.

Baba yako nilimwambia wamenihamisha. Alisema, "Basi kama serikali imesema." Akatusaidia kufunga vitanda juu ya lori. Kazi yake ilikuwa Kiboko, hakuweza kuiacha.

Na wewe ukaja ukasimama karibu na lori, umeshika ungo wako, ukauliza, "Mwaitu, kwa nini tunahama?"

Nikasema, "Uliza mdomo wako."

Nimeyaandika maneno hayo jinsi nilivyoyasema. Hayawezi kupunguzwa.

Huku Kikima ulikuta baridi na ukungu, na baba yako akawa mgeni wa mwisho wa mwezi. Jumapili moja, alipokuwa ameshateremka kutafuta gari la kumrudisha kazini, ulikuja jikoni ukaniuliza, "Kama ningenyamaza siku ile, baba angekuwa anakaa na sisi?" Nilikuwa nachagua maharagwe. Nilisikia kila neno, nikaendelea kuchagua maharagwe. Ulingoja. Kisha ukaondoka na jibu, maana kunyamaza kwangu kulikuwa jibu, nawe ulikuwa mtoto wa kuelewa.

Tangu hapo kila mwisho wa muhula nilisoma ripoti zako. Shule ya msingi, kisha sekondari, walimu mbalimbali wasiojuana, wote waliandika jambo moja kwa maneno yao: ana akili, lakini hasemi kitu darasani. Mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza, "Mwalimu mwenzangu, huyu mtoto anaogopa nini?" Nikamwambia ndivyo alivyozaliwa. Na mimi huyu ndiye niliyesimama kanisani mara nyingi kutoa ushuhuda. Nimetubu wivu, nimetubu hasira, nimetubu kusengenya, akina mama wakasema amina. Hili sikuwahi kulitaja. Nilikuwa na dhambi za kuonyesha watu, na nilikuwa na hii.

Hesabu nilijifunza, usidhani sikujifunza. Nilijifunza kwa kujificha, na nilichelewa. Hapa nilipewa darasa la kwanza na la pili. Siku za mwanzo nilikuwa nangoja ulale, nachukua vifuniko vyako, napanga mistari, nazunguka meza kuviangalia kutoka upande wa pili. Mtu mzima, mwalimu wa cheti, anazunguka meza. Ndipo nikaelewa kwamba si kanuni inayofanya jibu lisibadilike. Halibadiliki kwa sababu vitu havikuguswa, ni mimi niliyehama. Na kutoa hakuwezi kuwa hivyo, maana katika kutoa kuna anayeondoka na kuna anayeachwa, na ukiwabadilisha umebadilisha habari yote.

Lile neno la pili, asosiativu, lilinielea darasani. Niliandika saba, nane na mbili, nikataka watoto wajumlishe kuanzia mwanzo kama nilivyozoea. Mtoto mmoja akasema kumi na saba kabla sijamaliza kugeuka. Nilikuwa karibu kumwambia akae. Kitu kikanizuia, nikamuuliza amefanyaje. "Nane na mbili ni marafiki," akasema, "wanafanya kumi. Saba namwongeza baadaye." Nikakaa mimi. Hakuwa amebadilisha mpangilio wa namba. Alichagua tu nani wakutane kwanza.

Na la tatu, lile la distributivu, nililipata shambani kwa nyanya yako, mwaka tulipochimba matuta na akina mama wa kanisa. Tulikuwa tumechimba mistari saba ya mashimo ya mahindi, kila mstari mashimo kumi na mawili. Saba mara kumi na mbili daima ilikuwa inanisumbua kichwa. Kisha tukakata mtaro mwembamba wa maji katikati ya shamba, ukapita baada ya shimo la kumi. Nikaona upande huu mistari saba ya kumi kumi, na upande ule mistari saba ya mbili mbili. Sabini, na kumi na nne. Mtaro umeligawa shamba lakini hakuna shimo lililopotea. Nilisimama na jembe nikacheka peke yangu. Wenzangu wakaniuliza kuna nini, na sikuweza kuwaambia kwamba nimeelewa leo kitu nilichokifundisha miaka mingi. Kisha furaha ikaisha, maana nilikukumbuka wewe na jinsi nilivyokutuma maji mtungi ukiwa umejaa.

Hata nilipojua, bado niliumiza. Mwaka ule wa njaa nilikuwa nafundisha sifuri. Nilichora ubaoni sahani saba. Nikasema, sahani saba, kila moja ina sifuri, zote pamoja zina nini? Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kisha msichana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Kama kwetu." Nilizifuta sahani kwa mkono, sikutafuta hata kitambaa. Kesho yake nilitumia viota vya ndege. Sijui kama niliwatuliza au niliwaonyesha tu kwamba nimesikia.

Sina mengi ya kukuusia, mwanangu. Nilichopata ni hiki: mtoto akikosea, mara nyingi kuna kitu alichoambiwa na mtu anayemwamini, na amekishika vizuri. Kitafute hicho kwanza. Mara nyingine utakikuta kwenye maandishi yako mwenyewe. Na siku hujui, sema hujui mapema, wakati bado ni jambo dogo. Mimi nililiacha likakua mpaka likahitaji lori la kulibeba.

Baba yako nilimwambia juzi, wiki moja baada ya kufika ile barua yako ya kuitwa chuo. Alikuwa anatengeneza zizi la mbuzi, kazi yake tangu aache kazi ya Kiboko akarudi nyumbani. Akauliza, "Kwa hiyo haikuwa serikali?"

"Haikuwa."

Akapigilia msumari mmoja mpaka ukazama. "Miaka yote hiyo nilikuwa napanda mlima huu kwa miguu, gari zikikosekana, nikiwalaani watu wa ofisi." Akachukua msumari mwingine. Nilitaka kusema samahani, neno likawa dogo kuliko mdomo. Kisha akasema, "Mumbua anajua?"

"Hajui. Anafikiri ni yeye."

Akaweka nyundo chini. "Mimi nitakasirika kwa muda wangu, na nitamaliza. Lakini huyo mtoto asitoke hapa na mzigo ambao si wake."

Ndiyo maana siku hizi anakula nje peke yake. Uliniuliza kama ni mgonjwa nikasema ni tumbo. Si tumbo. Amekasirika, na ana haki. Mwache, usimbembeleze kwa ajili yangu.

Basi sasa unajua. Hukuvunja nyumba yetu. Ulikuwa na miaka minane, mgeni alikuuliza ukajibu kweli, na hesabu yako ilikuwa sahihi. Mama yako ndiye aliyekimbia, na alipokimbia alikubebesha wewe sababu. Sikuombi uniambie umenisamehe. Ungeniambia upesi, nakujua, na ningekuwa nimekupa kazi nyingine ya kunifariji.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku uisome kabla ya chai. Asubuhi nitakusindikiza mpaka stendi. Unajua jinsi watu wa Kikima walivyo. Akina mama wa kanisa watakuwepo, na mwenye duka, na watoto wangu wa darasa la pili watakuja kupunga mkono. Na lazima atokee mtu wa kusema, "Mumbua amefuata nyayo za mama yake." Wamelisema tangu barua ya chuo ifike, na kila mara nimetabasamu nikashukuru.

Kesho sitashukuru. Nitawaambia, mbele yako na mbele ya kondakta, kwamba mtoto huyu hakunifuata. Kwamba alijua nikiwa sijui, akasema, nikamwadhibu kwa kusema. Nitaeleza yote, hata habari ya nyanya yako aliyekuwa mzima. Watu watainamisha macho. Na wewe, kwa sababu una huruma kuliko mimi, utataka kunivuta leso ninyamaze.

Usinivute. Acha nimalize, ndipo upande gari.

Mama yako